Nilimwanika Mama wa Chapati

Nimekosa. Naanza na hilo neno kabla sijapata nafasi ya kujitetea, maana najijua, nikianza kujitetea simalizi.

Wewe unayesoma hunijui, na ndiyo maana naweza kukwambia. Nimechoka kuibeba hii habari peke yangu. Nalala nayo, naamka nayo, naenda nayo kanisani, tunaimba pamoja, tunarudi pamoja nyumbani. Leo naitua hapa.

Ilikuwa miaka ile dawa za virusi vya Ukimwi zilipoanza kutolewa bure. Mimi nilikuwa nimeajiriwa na shirika dogo la kusaidia walioathirika. Ofisi yetu ilikuwa Parklands, vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa la mama mmoja Mhindi ambaye hakutaka kodi yetu, na tena alikuwa akituletea dengu za kugawia wagonjwa. Wenzangu walikuwa wa kukaa mezani. Mimi nilikuwa wa kutembea.

Nilizunguka Kangemi na kandokando ya Mountain View, nyumba hadi nyumba. Nilipeleka unga wa uji, niliuliza kama mtu anameza dawa zake, nilisikiliza shida ambazo sikuwa na dawa yake. Watu waliniita Daktari. Sikuwa daktari wala nesi! Nilisomea mambo ya ofisi, lakini ukimletea mtu unga na ukamuuliza tumbo linaendeleaje, anakupa cheo.

Sasa sikiliza habari ya ndoo, maana bila hiyo hutaelewa kosa langu.

Unga ulikuwa unakuja ndani ya ndoo nyeupe ya plastiki yenye kifuniko, na ubavuni imechapwa picha ya mikono miwili iliyoshikana, kwa rangi nyekundu. Mkurugenzi wetu aliipenda sana picha ile. Alisema wafadhili wakija wanataka kuona msaada wao umefika. Na kweli ulionekana! Haukupita muda, mitaa yote ikajua ndoo ile ni ya kina nani. Watu wakaacha hata kusema fulani ni mgonjwa. Walikuwa wakisema, "Ameletewa mikono."

Ukishasemwa hivyo, kikombe chako kinatengwa. Ukinunua nyanya, chenji yako unawekewa juu ya meza, hupewi mkononi. Niliyaona haya kila siku. Siwezi kusema sikujua.

Mama Nekesa alikuwa anauza chapati na maharagwe kando ya barabara ya kuingilia Mountain View, chini ya mwavuli uliovunjika njiti. Wateja wake walikuwa watu wa mjengo, yaani mafundi na vibarua wa ujenzi, maaskari wa mageti na wasichana wa kazi za nyumbani. Alikuwa mjane, mtu wa magharibi kama mimi, na mtoto wake alikuwa huyo Nekesa mmoja, aliyekuwa darasa la nane na mwenye kichwa chepesi cha hesabu. Mama mtu alikuwa ameugua mpaka akabaki mifupa, halafu dawa zikamwinua. Nilipomfahamu alikuwa ameshanenepa kidogo na anacheka.

Siku ya kwanza nilipomwandikisha aliniambia hivi, nakumbuka kila neno:

"Daktari, unga nataka. Uji ndio unashikilia tumbo yangu nikimeza hizo dawa. Lakini mikono usiniletee. Mimi nauza chakula! Siku watu watajua, nani atakula chapati yangu? Na Nekesa atasoma na nini?"

Akaingiza mkono chini ya ubao wake wa kusukumia, akatoa pakiti tupu za unga wa ngano, zile za karatasi, amezikunja vizuri kama nguo za kwenda safari. "Niwekee kwa hizi. Mtu akiona mama chapati ameletewa unga ya ngano, ataongea nini?"

Nilicheka. Nilimwambia ana akili kuliko mkurugenzi wetu, na sikuwa namtania.

Basi ikawa ndiyo kawaida yetu. Yeye ananipa pakiti tupu, mimi ofisini nachota unga kwa kikombe, najaza, nakunja juu, nagandisha kwa uji mzito. Kisha napita kwake nimezikumbatia kama mtu aliyetoka dukani. Ilikuwa kazi ya kuudhi. Unga unapaa, unaingia puani, nywele zinageuka mvi. Wenzangu walikuwa wakinicheka, "Wewe na mama yako wa chapati!" Lakini niliifanya, mwezi baada ya mwezi, na hakuna aliyejua.

Sasa nikwambie lile ambalo hata ofisini hawakulijua.

Mimi pia ninavyo virusi. Nilikuwa navyo hata wakati ule. Mume wangu alipofariki, watu wa kwao walisema ni kifua kikuu, nami nikaitikia, kifua kikuu. Dawa zangu sikuchukulia Kangemi wala Parklands. Nilichukulia katikati ya jiji, kwenye kliniki iliyo juu ya maduka, mahali ambapo hakuna mtu wa kunijua. Nikishatoka nachana karatasi ya jina kwenye chupa na kuitafuna mpaka ilainike ndipo naitema. Ndani ya chupa naweka pamba ili vidonge visilie kwenye mkoba nikitembea.

Umeona? Nilikuwa najua kujificha kuliko yeyote kati ya wale niliokuwa nawahudumia. Mama Nekesa alikuwa na pakiti zake, mimi nilikuwa na pamba yangu.

Siku yenyewe tulikuwa tumezika. Kijana mmoja niliyekuwa namtembelea alikuwa amefariki, na ndugu zake hawakutokea, kwa hiyo tulimzika sisi wa ofisi, pale Lang'ata. Nilirudi Parklands na matope viatuni. Mkurugenzi akaniambia ndoo za mwezi ule lazima zitoke siku hiyohiyo, kwa sababu stoo inahitajika.

Nilikaa kwenye kiti. Niliziangalia pakiti za Mama Nekesa mezani, zimekunjwa vizuri kama kawaida yake. Nikakiangalia kile kikombe cha kuchotea unga. Na mimi, mtu niliyekuwa nikijiona nina huruma, nikasema kwa sauti, "Aki hawa watu wananichosha."

Ndiyo, nilisema hivyo. Nikaziacha pakiti mezani na kubeba ndoo.

Nilijiambia nitaifunika kwa leso. Leso ikawa imelowa kwa mvua ya makaburini, nikaona uvivu kuikamua. Nilijiambia nitampitishia nyumbani, si kazini. Lakini nyumbani kwake ni kuteremka bondeni na kupanda tena, na miguu ilikuwa imekwisha. Nilijiambia saa hizo wateja watakuwa wametawanyika. Mtu aliyechoka hujiambia mengi!

Nilifika, na wateja walikuwa wamejaa. Watu wa mjengo walikuwa wamepata mapumziko, wamekalia mawe, wanakula. Mama Nekesa alikuwa na donge la unga mkononi. Aliponiona alianza kutabasamu, kisha macho yake yakashuka mpaka kwenye ndoo, na lile tabasamu likamwishia usoni.

Wa kwanza kusema alikuwa jirani yake wa biashara, Mama Sharo, anayeuza sukuma wiki. Ana sauti huyo mama!

"Haiya! Si hiyo ni ndoo ya mikono? Daktari, umeletea nani hapa?"

Watu wakageuka. Kijiko kimoja kikagonga sahani.

Mama Nekesa hakuiangalia tena ndoo. Alinitazama mimi. Hakunikonyeza. Alinitazama tu, akiwa bado ameshika lile donge.

Jibu lilikuwepo. Sikuhitaji hata kudanganya. Ningesema, "Ni yangu," na ingekuwa kweli mbele za watu na mbele za Mungu, maana mimi ni mgonjwa kama mgonjwa mwingine yeyote aliyestahili ndoo ile. Ningesema ni yangu, naipeleka kwangu, nimesimama hapa kula chapati. Basi! Yangekwisha pale pale.

Nilifungua mdomo, na nadhani nilikuwa nitasema. Lakini fundi mmoja akaangua kicheko. "Kwani Daktari hata wewe uko na hiyo maneno?" Wenzake wakacheka naye. Ulikuwa utani tu, utani wa watu wanaokula.

Niliitua ndoo chini.

"Mimi?" nikasema. Nikacheka nao! Nilicheka! "Ai, mimi niko sawa kabisa. Mimi ni mfanyakazi tu. Nimemletea huyu mama."

Na nikanyoosha kidole.

Mungu wangu, kile kidole.

Hakuna aliyepiga kelele. Afadhali kelele. Yule fundi aliitazama chapati iliyokuwa mkononi mwake, ameshaimega, akairudisha kwenye sinia taratibu, kwa adabu kabisa. "Mama, leo sisikii njaa," akasema. Mwingine akaiacha sahani yake juu ya jiwe, akaondoka. Mama Sharo akavuta gunia lake la sukuma, akalisogeza mbali na mwavuli.

Mama Nekesa alifunika kikaango. Akafuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. Kisha akanisukumia ndoo kwa mguu.

"Rudi na ndoo yako, Daktari."

Nikaibeba, nikaondoka nayo.

Ungedhani nilirudi kesho yake nikaomba msamaha. Sikurudi. Nilipita upande wa pili wa barabara, nikamwona amekaa na mlima wa chapati mbele yake zimepoa. Siku nyingine nilipopita alikuwa amekanda unga kidogo tu. Baadaye mwavuli haukuwepo. Mwenye ploti, pale alipokuwa amepanga chumba, alikuwa amemwambia atoke kwa sababu anataka kupaka rangi chumba. Hakikupakwa rangi. Mpangaji mwingine aliingia na kufuli yake, nilipokwenda ndiyo niliyoikuta mlangoni.

Nikauliza majirani. Mmoja akasema ameenda nyumbani, mwingine akasema yuko Kawangware. Kwenye kituo alichokuwa akichukulia dawa, hakuwa ameonekana tena. Unajua maana yake! Mtu akiziacha dawa zile, ugonjwa unaamka na hasira. Nilijua, na ofisini nilisema tu, "Yule mama wa chapati amehama." Mkurugenzi akasema sawa, nikapewa mtu mwingine.

Kazi niliendelea nayo. Hapo ndipo ninapojichukia zaidi. Niliendelea kuitwa Daktari na kuitika.

Ikapita miezi mingi, nikamwona tena, mahali ambapo sikutaka kuonwa na mtu.

Ile kliniki yangu ya mjini ina benchi nje, kwenye baraza la ghorofani, na mkabala na benchi kuna fundi anayeshona yunifomu za shule. Nilikuwa nimekaa, mkoba mapajani, kitambaa cha kichwa nimekishusha mpaka karibu na nyusi kama kawaida. Mtu akaketi pembeni yangu. Nikasikia, "Daktari."

Nikajua kabla sijageuka.

Alikuwa amekonda tena. Shingo ilikuwa imeingia ndani ya kola. Lakini alikuwa hai! Nilishukuru kimoyomoyo, na papo hapo nikaogopa, kwa sababu benchi lile si la wafanyakazi. Aliitazama kadi niliyokuwa nimeikunja kiganjani, akanitazama usoni, akaelewa yote.

"Kumbe," akasema.

Nikamuuliza Nekesa anaendeleaje. Akasema anafanya kazi ya nyumba kwa watu, Kilimani. Shule aliacha. Nikataka kumwambia pole, nikaishia kufungua na kufunga zipu ya mkoba.

Tukiwa tumekaa hivyo, mlango wa fundi ukafunguliwa, akatoka mama mwenye nyumba wangu wa Mountain View na mfuko wa sweta mpya. Jamani! Anaitwa Mama Shiko, kiongozi wa kwaya yetu, ambaye nalala chini ya paa lake. Katika jiji zima, akaja ghorofa ileile!

"Haiya! Ni wewe?" Akalitazama benchi, akasoma maandishi ya mlangoni. "Unafanya nini huku? Hapa si ndiyo wanapeana zile dawa za..."

Nilifumba kiganja juu ya kadi. Nilimwona Mama Nekesa akivuta pumzi, nikasema moyoni, haya, leo ni zamu yangu, na ni haki yake.

"Amenisindikiza mimi," Mama Nekesa akasema. "Mimi ndiye mgonjwa. Huyu ni Daktari wangu."

Mama Shiko akashusha mabega. "Ooh! Kumbe ni kazi. Mungu akubariki, hiyo kazi yenu si rahisi." Akanipigapiga begani. Kisha akapita, na alipofika mbele ya Mama Nekesa akaikusanya sketi yake isimguse.

Na mimi nikanyamaza. Kwa mara ya pili! Nilimwacha aibebe, benchi moja na mimi, kadi yangu iko kiganjani.

Hatua za Mama Shiko zilipoisha kwenye ngazi nikasema, "Asante."

"Usiniambie asante." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa amechoka tu. "Sijakufanyia wewe. Nimetaka tu uone venye ilikuwa kitu rahisi."

Akaitwa ndani. Nami nikaitwa kwenye chumba kingine. Nilipotoka hakuwepo. Nilikaa pale benchini mpaka walipofunga, nikirudia moyoni maneno ya kumwambia, lakini hakurudi. Mwezi uliofuata nilimtafuta na uliofuata tena. Nesi aliniambia ameomba kuhamishiwa kituo kingine, hakunitajia kipi. Nimemfukuza mara mbili, unaona? Kwanza kwenye chapati zake, halafu kwenye dawa zake.

Kazi niliiacha. Niliwaambia miguu inauma, na ni kweli inauma. Chapati za barabarani siwezi tena kuzila. Nikiona mtu ameketi chini ya mwavuli na ubao wa kusukumia nabadilisha njia. Kwaya niliiacha, maana Mama Shiko kila akiomba alikuwa akimshukuru Mungu kwa ajili yangu, mbele ya watu wote, dada yetu anayejitolea kwa wagonjwa. Hebu fikiria kuketi hapo na kuitikia amina!

Kwa hiyo ninyi mnaobeba misaada ya watu, sikieni. Unga ni mzuri, dengu ni nzuri. Lakini mtu akikwambia usimletee hivi, mletee vile, usimwone msumbufu. Yeye ndiye anayekaa pale ukishaondoka. Kama umechoka, rudi nyumbani ulale, umpelekee kesho. Uji wa kesho haujamuua mtu.

Na wewe usiyebeba chochote, unayekula tu chapati yako ukisikiliza, siku ndoo itakapotua mbele ya watu na mtu akauliza ni ya nani, sema ni yako. Huna ugonjwa? Sema hivyo hivyo. Hutapungukiwa na kitu. Mimi nilikuwa nao, na sikusema.

Jina langu usilitafute hapa chini, sijaliweka. Bado naogopa, sitakudanganya.

Lakini ile ndoo ninayo. Nilirudi nayo siku ile kama nilivyoambiwa, na miaka yote hii imekaa nyuma ya mlango wa jikoni, imegeuzwa picha ikitazama ukuta. Mama Shiko aliwahi kuniuliza ni ya nini, nikamwambia ya kazini.

Leo asubuhi nimeiosha, nikaijaza maji, nikaitoa nje nikaiweka kizingitini, mikono ikitazama geti. Mama Shiko amepita mara moja akienda kuanika nguo. Ameiangalia, akaniangalia.

Hajauliza bado. Nimekaa mlangoni namngoja aulize.